Kutoka Ukuta wa Balozi hadi Ukosi wa Shati

Agosti 1945, watoto wa Kisovieti walimkabidhi Averell Harriman, balozi wa Marekani mjini Moscow, nembo ya taifa lake iliyochongwa kwa mbao. Akaitundika ukutani. Ndani yake mlifichwa kidubwasha alichokibuni mvumbuzi Leon Theremin, hakina betri wala waya. Kililala kimya mpaka mawimbi ya redio yalipoelekezwa kwake kutoka nje; hapo ndipo kilipoamka na kurudisha maneno ya waliomo chumbani. Kiligunduliwa mwaka 1952, mabalozi wengine wakiwa wameshapita chini yake.

Naanzia mbali na maduka makusudi. Kanuni ya chipu iliyomo leo kwenye lebo ya nguo haiko mbali na hiyo: kitu kisicho na nguvu yake hujibu kinapoulizwa, na aliye nacho hasikii swali wala jibu.

Wenye maduka waliingia mchezoni miaka ya 1960, kwa vibandiko vya kunasa wezi mlangoni. Vilijua jambo moja tu, bidhaa imelipiwa au haijalipiwa. Kisha, tarehe 26 Juni 1974, katika supamaketi moja ya Troy, Ohio, pakiti ya chingamu za Wrigley ikapitishwa kwenye mashine na msimbo pau ukaanza kazi. Lakini msimbo pau lazima uonekane ndipo usomwe, tena hutaja aina tu: pakiti zote za chingamu ile ni ndugu wa jina moja. Chipu husomwa hata ikiwa ndani ya mfuko, na huipa kila pakiti namba yake peke yake. Ugomvi wote ulichipuka hapo.

Kevin Ashton, aliyekuwa mfanyakazi wa kampuni ya Procter & Gamble, hakuwa jasusi. Kilichomkera ni rangi ya midomo iliyokuwa ikiisha madukani bila makao makuu kujua. Mwaka 1999 alishiriki kuanzisha kituo cha utafiti pale MIT, lengo likiwa chipu ya bei ya peremende kwenye kila kitu kiuzwacho duniani.

Mwaka 2003 moto ukawaka. Ilitangazwa Machi kwamba nguo za Benetton zingewekewa chipu milioni 15. Katherine Albrecht, mtetezi wa wateja wa Marekani, akaitisha mgomo wa wanunuzi, na kabla ya wiki nyingi kupita kampuni ikarudi nyuma. Huko Cambridge, Uingereza, supamaketi ya Tesco ilikutwa na rafu ya nyembe za Gillette inayompiga picha kila anayechukua pakiti. Hebu fikiria: unanyoosha mkono kuchukua wembe, unapigwa picha ya mshukiwa.

Kwangu mimi, kisa kizito zaidi ni cha Rheinberg, Ujerumani. Kampuni ya maduka ya Metro ilifungua huko duka la mfano, ikazionyesha chipu za kwenye bidhaa kwa fahari, na pembeni ikaweka mashine ya kuzifuta. Mapema 2004 wanaharakati wakabaini chipu ambayo wateja hawakuambiwa: ilikuwa ndani ya kadi zao za pointi. Shati halikujui wewe ni nani. Kadi inakujua kwa jina, na shati linapokutana nayo kwenye kaunta, tayari nalo limepata mwenyewe. Metro ikazibadilisha kadi. Mei 2009 Tume ya Ulaya ikapendekeza chipu zizimwe wakati wa mauzo mteja asiporidhia zibaki hai, kwa masharti na misamaha yake; lakini pendekezo si sheria.

Leo ingia duka la nguo la Uniqlo, tumbukiza nguo zako kwenye kisanduku cha kulipia. Hakuna anayezipitisha moja moja. Chipu hujitaja zenyewe na jumla ikatokea. Foleni inakwenda, wateja wanafurahi. Kabla ya malipo, skrini huuliza kama una programu ya duka kwenye simu. Mteja huitoa mfukoni, akaifungua, akaielekeza mwenyewe kwenye mashine.