Mto Athi Haujui Kaunti

Wenzangu, hebu nijibuni: Mto Athi ni wa Kitui ama wa Makueni? Kwenye ramani, mto wenyewe ndio mpaka. Lakini maji yanatoka juu na uchafu wa Nairobi, yanapita kwetu, halafu yanaingia baharini karibu na Malindi yakiitwa Sabaki. Mpaka ni wetu, mto hauna habari nao.

Hii stori haikuanza jana. Mwaka 1938 serikali ya kikoloni iliona udongo wa Ukambani unamomonyoka, ikaamua dawa ni kuwapunguzia watu ng'ombe kwa nguvu. Muindi Mbingu akaongoza umati hadi Nairobi kumtafuta gavana. Yeye alipelekwa kizuizini Lamu, lakini serikali ilirudi nyuma.

Miaka ya 1950 vikundi vya mwethya, wengi wakiwa akina mama, vilichimba matuta kwa jembe: unachimba mtaro, udongo unautupa upande wa juu. Ndiyo yale ya "fanya juu", jina la Kiswahili lililofika mpaka kwenye vitabu vya wataalamu wa ng'ambo. Kazi ni ile ile ya kuokoa udongo, ila safari hii ilikuwa mikononi mwa wenyewe.

Baadaye yakaja mabwawa ya mchanga. Unajenga ukuta kukata mto wa msimu, mafuriko yanaleta mchanga, unajaa nyuma ya ukuta, na maji yanajificha ndani yake hadi kiangazi. Kwa hivyo lori likibeba mchanga kwenda kujenga maghorofa, limebeba kisima cha mtu.

Makueni ilitunga sheria ya mchanga mwaka 2015. Kitui ikaja na marufuku yake mwaka 2018. Sawa, lakini kila mtu kivyake! Ukifunga ukingo mmoja tu, lori linavuka. Na Bwawa la Thwake, lililopangwa kubeba mita za ujazo milioni 688, liko hapo hapo mpakani. Udongo ukishuka hovyo kutoka kaunti yoyote, utajaa humo humo.

Maoni yangu: Kitui, Makueni na Machakos wawe na sheria moja ya mchanga na kamati moja ya mto, na wanaoishi kingoni wapewe viti. Wakileta amri za kutoka juu tu, wakumbuke 1938.

Wewe wa Kitui, na wewe wa Makueni, mnaonaje?