Warsha iliyowarudisha wahadhiri kwenye kiti cha mwanafunzi

Mwalimu wa darasa la kwanza hakabidhiwi chaki kabla hajapita chuo cha ualimu. Mhadhiri hukabidhiwa. Akimaliza shahada kwa alama za juu anaajiriwa kuwa mkufunzi msaidizi, na muhula ukianza anajikuta mbele ya ukumbi uliofurika, akifundisha vilevile alivyofundishwa yeye. Kwa karne nyingi vyuo vikuu viliamini kwamba anayelijua somo anajua pia kulifundisha, na waliosinzia viti vya nyuma hawakuulizwa maoni yao.

Imani hiyo ilianza kutiliwa shaka Marekani miaka ya 1960. Mwaka 1962 Chuo Kikuu cha Michigan kilianzisha kituo cha kuchunguza ufundishaji na ujifunzaji. Mwaka uliofuata, huko Stanford, Dwight Allen na wenzake walibuni njia ya kumpa mwalimu mwanagenzi somo fupi la dakika chache na wanafunzi wachache, akafundisha, akakosolewa, kisha akarudia. Kinasa picha, ambacho wakati huo kilikuwa kitu kipya na ghali, kilimwezesha kujiona mwenyewe. Vyuo vyetu vya ualimu bado huitumia njia hiyo kabla ya kuwapeleka wanachuo kwenye mazoezi ya kufundisha shuleni, BTP. Ila Stanford waliilenga kwa walimu wa shule. Maprofesa waliachwa hivyo hivyo.

Mabadiliko yaliyowafikia hao maprofesa hayakuanzia chuo kikuu. Yalianzia vyuo vya kati katika jimbo la British Columbia, magharibi mwa Kanada. Mwaka 1962 John Macdonald, rais wa Chuo Kikuu cha British Columbia, alitoa ripoti iliyopendekeza jimbo lifungue vyuo vya miaka miwili nje ya chuo kikuu. Vikafunguliwa kimoja baada ya kingine, na vikahitaji wakufunzi haraka. Waliochukuliwa ni pamoja na wauguzi, mafundi na wapishi waliobobea kazini, lakini wengi wao hawakuwahi kusimama mbele ya darasa. Mtu wa namna hiyo huwezi kumwambia aache kazi akasomee ualimu miaka miwili. Hata siku saba huna za kumpa.

Mwishoni mwa miaka ya 1970, Douglas Kerr wa Vancouver alitengeneza jibu: warsha ya saa 24 hivi, kwa kawaida siku tatu au nne, ya wakufunzi wanne hadi sita wanaofundishana wenyewe. Ilipata jina la Warsha ya Stadi za Ufundishaji, na kwa Kiingereza inajulikana kwa herufi ISW. Wizara ya elimu ya jimbo iliiunga mkono, na vyuo vya kati vikaanza kuitumia.

Ndani ya warsha kila mshiriki hufundisha masomo matatu ya dakika kumi kumi. Anachofundisha ni juu yake: mwanafizikia anaweza kuleta kanuni ya fizikia, anaweza pia kuleta namna ya kuziba pancha ya baiskeli. Wenzake hawaigizi uanafunzi, wanajifunza kweli, na kama hawakuelewa, hawakuelewa. Mwezeshaji anamuuliza mwalimu kwanza angependa aangaliwe nini. Somo linarekodiwa. Mtunza saa anatoa ishara muda ukikaribia kwisha, na dakika ya kumi ikifika mwalimu ananyamaza hata kama sentensi iko katikati. Kisha kila mtu anaandika mrejesho wake kwenye karatasi kimya kimya, na baadaye wanazungumza, mwalimu akianza kusema yeye mwenyewe aliliona vipi somo lake. Mzunguko mzima ni dakika 40 hivi. Unamwachia nafasi anayefuata, na profesa aliyekuwa akihutubia sasa yuko kwenye kiti, ana tairi la baiskeli mapajani, hajui pa kuanzia.

Hapo, kwa maoni yangu, ndipo ulipo ufundi wa Kerr. Mkuu wa idara hayupo chumbani, hakuna alama zinazotolewa, wala faili linaloandikwa kwa ajili ya kupandishwa cheo. Mtu hukubali kuambiwa kwamba hakueleweka pale tu anapojua maneno hayo hayatoki nje ya mlango, na kwamba anayemwambia atasimama mahali pale pale baada ya nusu saa.

Warsha ina pia kiunzi chake cha kupangia somo, BOPPPS: daraja la kumwingiza mwanafunzi, lengo, kupima anachojua tayari, ushiriki, kupima alichopata, muhtasari. Kiunzi hiki kimesafiri mbali kuliko warsha yenyewe. China, kwa mfano, kimeenea sana vyuoni. Ni kizuri, lakini ni rahisi mno kukigeuza fomu ya kujaza, na fomu haimwambii mtu kwamba anaongea akiutazama ukuta.

Kusambaa kwa warsha hakukuhitaji maprofesa wa elimu. Aliyepitia warsha aliweza kuchukua mafunzo ya uwezeshaji ya siku chache, akarudi chuoni kwake kuwaendeshea wengine. Kwa njia hiyo ilitoka vyuo vya kati ikaingia vyuo vikuu, kikiwemo kile cha Macdonald, ambako hata wanafunzi wa shahada za juu hupitia warsha hiyo. Chuo kikuu kikajifunza kufundisha kutoka kwa vyuo kilivyopendekeza vianzishwe.

Kwetu Afrika Mashariki wazo la wahadhiri kunolewa na wahadhiri wenzao lilipata nguvu kupitia PedaL, mpango ulioratibiwa Nairobi na taasisi ya PASGR mwishoni mwa miaka ya 2010. Washirika wake ni pamoja na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Egerton na Uganda Martyrs, na hapa pia wahadhiri waliopitia mafunzo huwa wawezeshaji wa wenzao. Tatizo wanalokutana nalo Kerr hakuwa nalo kwa kiwango hiki. Somo la dakika kumi kwa watu watano halimwandai mtu moja kwa moja kwa darasa la mwaka wa kwanza la mamia ya wanafunzi, kipaza sauti kinachokatika na wengine wakiandika wamesimama mlangoni. Na akirudi ofisini, kamati ya kumpandisha cheo bado itaanza kwa kuhesabu makala alizochapisha.