Chumvi ya Uvinza: Waliopika Wakasahaulika

Wadau wa Kibondo na Kasulu, leo safari inashuka kusini, mpaka pale Mto Ruchugi unapokutana na Malagarasi. Ndiyo, Uvinza. Ukitaja Uvinza, wengi hukumbuka stesheni ya treni na chumvi. Mambo yanaishia hapo. Kumbe chini ya ardhi ile kuna historia ndefu kuliko reli, kuliko Mjerumani, na kuliko hata mji wa Ujiji.

Mwaka 1967 wanahistoria wawili, John Sutton na Andrew Roberts, walichimba kwenye chemchemi za maji ya chumvi za Uvinza. Hawakukuta dhahabu. Walikuta vigae vya vyungu, majivu na mkaa, tabaka juu ya tabaka. Vipimo vikaonyesha kwamba watu walikuwa wakipika chumvi pale tangu karne ya 5 au ya 6. Yaani miaka kama 1,500 iliyopita tayari kuna mtu alikuwa anachochea moto Uvinza.

Kazi yenyewe haikuwa lelemama. Masika mito hufurika na maji matamu huzifunika chemchemi, kwa hiyo watu walisubiri kiangazi. Hapo ndipo walipomiminika, wakajenga vibanda, wakateka yale maji na kuyachemsha kwenye vyungu mpaka yakauke, ibaki chumvi. Kuni zilienda nyingi, moshi ukawaingia machoni, jua nalo halikuwa na huruma. Katika karne ya 19 aliyetaka kupika alipika, mradi awatolee watawala wa Uvinza fungu lao. Mizigo ikabebwa kichwani kwenda Buha, Burundi, Unyamwezi, na kuvuka Ziwa Tanganyika hadi Kongo. Huko chumvi ilikuwa kama fedha: unatoa chumvi, unapata jembe au mbuzi.

Sasa tafuta majina ya wapikaji hao. Hakuna. Wageni waliopita na misafara wameandikwa vitabuni. Wajerumani, waliojenga kiwanda mwanzoni mwa karne ya 20 na kupaita mahali pale Gottorp, nao wameandikwa. Mama aliyekesha akichungulia chungu chake kisipasuke hajaandikwa popote. Kilichobaki chake ni kigae.

Ukienda Ujiji utakuta makumbusho ya Livingstone, na sanamu za wazungu wawili wakisalimiana, kukumbuka siku walipokutana mwaka 1871. Si vibaya, ni historia. Ila salamu ile ilikuwa ya siku moja, na moto wa Uvinza umewaka karne kwa karne.

Wenzetu Wachina walifanyaje? Mahali panapoitwa Zhongba, kwenye bonde la mto Yangtze, watu walikuwa wakitengeneza chumvi kwa vyungu hata kabla ya Kristo. Serikali ilipoanza kujenga bwawa kubwa la Three Gorges, wataalamu waliwahi kuchimba kabla maji hayajapanda. Wakatoa vigae vingi ajabu, vikapimwa, vikaandikiwa vitabu. Leo eneo lile limemezwa na maji, lakini habari zake hazikuzama.

Magharibi zaidi, Sichuan, kuna mji wa Zigong. Huko kuna kisima cha chumvi kiitwacho Shenhai, ambacho mwaka 1835 kilifika kina cha mita 1,001, kwa nyenzo za mianzi, mbao na chuma tu. Mgeni akifika anaona mnara wa magogo juu ya kisima, na anaona chumvi bado inachemshwa. Mjini kuna makumbusho ya historia ya chumvi tangu mwaka 1959, ndani ya jumba la zamani la wafanyabiashara. Wachina nao hawana majina ya kila aliyezungusha kamba pale, lakini kazi yake wameipa nyumba.

Mfikirie kijana wa Kibondo anayesoma China, siku ya mapumziko anapelekwa Zigong. Atapiga picha na kurusha kwenye status: "Wachina noma, chumvi yao ina historia!" Ni kweli. Lakini nyumbani kwao, safari isiyozidi siku moja kwa gari, kuna chemchemi zilizokuwa zikipikiwa chumvi zaidi ya miaka 1,000 kabla kisima cha Shenhai hakijachimbwa. Hakuna aliyempeleka kuziona alipokuwa shule ya msingi.

Haianzi na jengo la mabilioni. Mwalimu wa Kasulu anaweza kulitaja jambo hili darasani kesho. Nawe ukienda nyumbani sikukuu hii, kaa na bibi jikoni umuulize: "Bibi, zamani umunyu ulitoka wapi? Nani alikuwa anaufuata, na alirudi baada ya siku ngapi?" Huenda akataja babu yake aliyekuwa akishuka Uvinza kila kiangazi na mbuzi wawili. Akimtaja kwa jina, liandike.