Kamusi ya Pauly

Wataalamu wengi wa samaki huacha nyuma majedwali. Daniel Pauly, aliyezaliwa Paris mwaka 1946 na kusomea Kiel, Ujerumani, ametuachia pia istilahi, na mimi humsoma kwa ajili ya hizo zaidi kuliko kwa hesabu zake.

Ile iliyosambaa kuliko zote aliitoa mwaka 1995, katika makala ya ukurasa mmoja tu. Hoja yake ni kwamba kila kizazi cha wataalamu wa uvuvi huichukulia bahari waliyoikuta walipoanza kazi kuwa ndiyo bahari ya kawaida. Upungufu wa kuanzia hapo wanauona. Uliowatangulia hawana habari nao. Mwenye haraka atalitafsiri jina la hali hiyo "msingi unaohama". Silipendi. Msingi ukihama nyumba huanguka, na mtaa mzima hushuhudia, ilhali anachokieleza Pauly ni jambo lisiloshuhudiwa na mtu. Ningeiita "kipimo kinachosogea": kibaba kinapunguzwa kidogo kidogo, nawe unaendelea kuhesabu vibaba vinne kwa pishi.

Ushahidi wake ulikuwa wa ajabu kwa jarida la sayansi. Babu wa Villy Christensen, mwenzake wa kazi, alikuwa akitega nyavu za vibua katika maji ya Kattegat, kati ya Denmark na Sweden, miaka ya 1920, akikereka kwa sababu jodari walikuwa wakinasa humo na hawakuwa na soko. Jodari, kero! Habari kama hiyo haina safu yake katika jedwali, na katika Kiingereza alichoandikia huitwa kwa neno lenye dharau kidogo, karibu na "porojo". Pauly akalichukua neno hilohilo akaliweka kwenye kichwa cha makala. Sisi tuna "masimulizi", neno lisilomvunjia babu heshima, na hapa naona Kiswahili kimemtendea haki kuliko lugha aliyoitumia mwenyewe.

Kabla ya hapo alikuwa amefanya kazi Ghana, Indonesia, kisha Manila, na huko ndiko alikojifunza kutumia kilichopo. Umri wa samaki wa nchi za baridi husomwa kwenye jiwe la sikio, ambalo huandika kila majira ya baridi kwa pete. Samaki wa bahari zetu pete zake za mwaka mara nyingi hazisomeki vizuri. Kwa hiyo Pauly na wenzake wakatunga njia ya kukadiria ukuaji kwa urefu peke yake: samaki analazwa juu ya ubao wenye rula, mdomo umegusa kizuizi, na urefu unasomwa mpaka kwenye panda ya mkia au ncha yake. Mamia ya vipimo hivyo, mwezi baada ya mwezi, huonyesha kundi la rika moja likisogea kutoka wadogo kwenda wakubwa.

Mwaka 1998, akiwa Vancouver, yeye na wenzake walichapisha katika jarida la Science hoja ya kuvua huku tukiteremka mtandao wa chakula. Mwani uko ngazi ya kwanza ya mtandao huo. Tasi, ambaye wengine humwita tafi, anayekula mwani na majani ya bahari, yuko karibu na ya pili. Nguru, mla samaki, amepita ya nne. Wastani wa ngazi za mavuno ya bahari za dunia, walisema, ulishuka kutoka zaidi kidogo ya 3.3 mwanzoni mwa miaka ya 1950 hadi chini ya 3.1 mwaka 1994. Trevor Branch na wenzake walipinga mwaka 2010: wastani wa kinachovuliwa hauonyeshi sawasawa kilichobaki majini. Pingamizi lina uzito. Wastani unaweza kushuka kwa sababu nguru wamekwisha, na unaweza kushuka kwa sababu tumeongeza dagaa tu. Neno "kuteremka" halitofautishi hayo mawili.

Istilahi yake ninayoibishia ni "uvuvi uliokithiri wa Kimalthusi". Maelezo yake ni mazuri: watu wasio na ardhi wanasukumwa hadi ufukweni, kazi ya mwisho iliyobaki, na mavuno yakipungua wanaishia kutumia nyavu za matundu madogo, sumu, hata baruti. Lakini jina la Malthus, aliyeonya kwamba watu huongezeka upesi kuliko chakula, linamwelekeza msomaji ahesabu watu, wakati maelezo yenyewe yanamtaka aulize ardhi ilikwenda kwa nani. "Uvuvi wa kukosa pa kwenda" ungetosha.

Mwaka 2016, pamoja na mwenzake Dirk Zeller, alikadiria kwamba mavuno ya bahari duniani yalifikia kilele cha tani milioni 130 mwaka 1996, wakati takwimu rasmi zilisema 86. Kisa cha tofauti hiyo ni nafasi tupu kwenye fomu, ambayo hugeuka sifuri pindi namba zinapojumlishwa. Mama anayechokoa pweza mwambani maji ya bamvua yakitoka, akampika jioni, hapiti kwenye mzani wa ofisi yoyote. Wao huita kazi yao "kujenga upya" mavuno. Mimi ningeandika "makadirio", kwa kuwa ndivyo yalivyo. Ila katika zile tani milioni 44 za tofauti wamo samaki waliotupwa baharini, waliovuliwa kwa siri, na kitoweo cha akina mama kama huyo.