Karatasi na majira ya mwaka: Somo nafuu kwa mtoto wa chekechea

KIPANDE cha gazeti la juzi, gundi ya unga na mikono ya mtoto vyatosha kuanzisha somo. Hata hivyo, katika shule nyingi za chekechea kazi ya karatasi ingali inachukuliwa kuwa mchezo wa kupitishia wakati kabla ya kengele kulia.

Ufundi huu ni miongoni mwa mbinu kongwe za kumfunza mtoto mdogo. Mjerumani Friedrich Fröbel, aliyefungua kituo cha watoto mjini Bad Blankenburg mnamo 1837 na kukiita bustani ya watoto mwaka wa 1840, aliweka kukunja, kukata na kusuka karatasi miongoni mwa shughuli za kawaida za wanafunzi wake. Japani ilipoanzisha chekechea jijini Tokyo mnamo 1876, mbinu hizo zilikutana na origami, sanaa ya Wajapani ya kukunja karatasi.

MKONO KABLA YA KALAMU

Mtoto wa miaka minne anayejiunga na PP1 huwa na hamu ya kuandika, lakini misuli ya vidole vyake haijakomaa. Kuchana karatasi kwa kidole gumba na cha shahada humzoeza mshiko ule ule atakaouhitaji kushika penseli.

Kwa sababu hiyo, kazi huenda kwa hatua: kuchana kwanza, kisha kukunja na kubandika, na makasi baadaye. Kwa kawaida, mtoto wa miaka mitatu huweza kukata ncha za karatasi, wa minne hufuata mstari ulionyooka, nao mduara humjia akiwa na miaka mitano au sita. Mwalimu anayemtaka mtoto wa PP1 akate ua lenye petali nyingi anamtwika mzigo asioweza kuubeba.

MAJIRA YA KWETU

Vitabu vingi vya ng'ambo vimejaa theluji na majani mekundu yanayopukutika. Mtoto wa Kitui au Kakamega hayajui hayo, ilhali nchi yake ina majira ya kutosha kujaza mwaka mzima wa masomo.

Muhula wa kwanza huanza Januari wakati wa kiangazi na kuingia katika mvua ya masika, inayonyesha kati ya Machi na Mei. Hapa yafaa kalenda ya mvua. Kila asubuhi mtoto mmoja hubandika ukutani tone la karatasi ya buluu ikiwa jana ilinyesha, au jua la manjano ikiwa haikunyesha. Mwisho wa mwezi darasa huhesabu: matone ni mangapi, majua ni mangapi, yapi yamezidi na kwa idadi gani? Hesabu, mazingira na lugha hufunzwa kwa mara moja.

Mashua ya karatasi nayo huelea katika beseni kwa muda, kisha hulowa na kulala. Mwalimu awaulize watoto watabiri kitakachotokea, halafu asugue mshumaa kwenye mashua ya pili ili walinganishe.

Muhula wa pili hukutana na baridi ya Juni hadi Agosti katika nyanda za juu, na upepo wa kusi katika Pwani. Huu ni wakati wa pangaboi la karatasi. Mraba hukunjwa pembe kwa pembe mara mbili na kufunuliwa, nazo pembetatu nne huonekana. Mikunjo hukatwa kutoka pembeni hadi nusu ya njia ya kufika katikati, ncha moja ya kila pembetatu hupinduliwa hadi katikati, na mwalimu mwenyewe hulifunga kwenye kijiti kwa pini. Likitolewa nje, huwaonyesha watoto upepo watokako.

Katika muhula wa tatu mijakaranda ya Nairobi huchanua. Vipande vya karatasi ya zambarau vilivyochanwa kwa mkono vyatosha kuuchora mti huo bila penseli.

Sikukuu nazo zina somo lake. Krismasi ina tarehe moja kila mwaka, lakini Idi hufuata mwezi mwandamo, na mwaka wa Kiislamu ni mfupi kwa takriban siku 11. Duara, nusu duara na hilali zilizokatwa kwa karatasi nyeupe humwonyesha mtoto mwezi unavyobadilika.

GHARAMA NA HATARI

Tangu mtaala wa umilisi uanze kutekelezwa kote nchini mnamo 2019, wazazi wamelalamikia gharama ya vifaa na kazi za ziada ambazo huishia mikononi mwao. Malalamiko hayo yalifikishwa pia kwa jopo la mageuzi ya elimu lililoongozwa na Profesa Raphael Munavu kati ya 2022 na 2023.

Ufundi wa karatasi hauhitaji manila mpya. Magazeti, kalenda za mwaka uliopita, pakiti za unga na maboksi yaliyotupwa yanatosha. Gundi hupikwa kwa kikombe kimoja cha unga wa ngano na vikombe vitatu vya maji, ikikorogwa hadi inate. Itumiwe kabla haijachacha. Makasi yawe ya ncha butu, na watoto wanawe mikono kwa sababu ya wino wa magazeti.

Hatari kubwa zaidi ni mtu mzima kuichukua kazi. Mzazi anayekesha akitengeneza kishada ili mwanawe apate alama amejifunza yeye, si mtoto. Vivyo hivyo, ukuta wenye nyota 30 zinazofanana kabisa huonyesha ustadi wa mwalimu pekee. Samaki hukunjwa angali mbichi, lakini mkunjo uwe wa mkono wake mwenyewe.

Kipimo kisiwe uzuri wa kazi, bali kile mtoto anachoweza kueleza: ametengeneza nini, alianza wapi na kwa nini mashua yake ilizama. Mwalimu aandike jina na tarehe nyuma ya kila kazi na kuihifadhi. Kazi ya Februari ikiwekwa kando ya ile ya Oktoba, mzazi ataona hatua alizopiga mwanawe bila kungoja mtihani.