Mwamba Ngoma Huvutia Kwake

Mwamba ngoma huvutia kwake, na mwenye kamera vivyo hivyo. Kati ya mwaka 1935 na 1937, huko Vugiri, Usambara, Notcutt na Latham walitengeneza sinema za kuwafunza Waafrika, mojawapo ikihusu safura. Somo lilikuwa tabia ya mgonjwa. Swali la nani amjengee zahanati halikuwamo.

Miaka hiyo hiyo, katika nyanda za Uha iliko Munanila, serikali ya kikoloni iliwahamisha watu wa Kibondo na Kasulu na kuwakusanya pamoja kwa hofu ya malale, ilhali vijana wao wakenda kuwa manamba katika mkonge.

Azimio la Arusha la 1967 lilifuatiwa na zahanati za vijijini na tiba bila malipo; mwaka 1993 ukaja uchangiaji. Mwaka 2023 Bunge likapitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Mkulima wa Munanila, apataye fedha msimu wa mavuno, atatakiwa mchango. Sinema itakayomwonesha akisita kulipa, isioneshe masafa ya kwenda hospitali wala kabati la dawa lililo tupu, itakuwa imerudi Vugiri.