Wa Kwanza na wa Ishirini na Nne

Aprili 2005, jijini New York, San Francisco 49ers walishika chaguo la kwanza katika drafti ya NFL, ambako timu za ligi hiyo ya kandanda ya Kimarekani huchagua wachezaji wapya kwa zamu, na hawakuwa na kwotabeki wa kutegemewa. Walioshindanishwa ni wawili: Alex Smith wa Chuo Kikuu cha Utah, na Aaron Rodgers wa California, kijana wa mji wa Chico aliyekua akiwashangilia haohao 49ers. Wakamtaja Smith. Rodgers akabaki katika chumba cha wachezaji waalikwa kwa zaidi ya saa nne, kamera zikimmulika usoni, timu moja baada ya nyingine ikimruka, mpaka Green Bay Packers walipomchukua akiwa wa 24.

Kisa hiki husimuliwa kama kisa cha macho: hawa waliona, wale hawakuona. Rodgers alikuja kutwaa Super Bowl (fainali ya ligi) ya Februari 2011 na tuzo nne za mchezaji bora wa ligi, basi 49ers wakabandikwa jina la timu isiyojua kuchagua. Mimi ni shabiki wa mchezo huu, naufuata kwa moyo wote, na kila drafti ikifika naona watu wakibishana juu ya urefu wa kijana, nguvu za mkono wake na kasi ya miguu yake. Ni wachache wanaouliza atafundishwa na nani, na mwalimu huyo atakaa naye miaka mingapi. Kwangu hilo ndilo swali lenyewe. Makwotabeki wengi tunaosema walichaguliwa vibaya waliharibikia mikononi mwa waliowachagua.

Kwa msomaji aliyezoea soka, kwotabeki ndiye mpangaji wa kila shambulizi katika kandanda ya Kimarekani. Anapewa mpira, ana kama sekunde tatu za kusoma walinzi 11 wanaobadili sura mbele yake, kisha aurushe mahali ambapo mwenzake bado hajafika. Na uwanjani husimama mmoja tu. Mshambuliaji chipukizi wa soka anaweza kuingizwa dakika ya 70 akajifunza taratibu, lakini kwotabeki wa pili huweza kumaliza msimu mzima bila kurusha pasi hata moja ya maana.

Tazama basi yaliyowapata wale wawili. Smith aliingizwa uwanjani msimu uleule, na timu yenyewe ilikuwa mbovu. Alirusha pasi 1 ya tachidauni, yaani ya kufunga, na 11 zikanaswa na wapinzani. Mratibu wa mashambulizi mwaka huo alikuwa Mike McCarthy, aliyeondoka mara msimu ulipokwisha. Akaja Norv Turner, akaondoka. Akaja Jim Hostler, akaondoka. Akaja Mike Martz, halafu Jimmy Raye. Kila mratibu huja na kitabu chake cha mipango. Njia ileile ya kukimbia ya mpokeaji hubadilika jina, ishara hubadilika, hata idadi ya hatua za kurudi nyuma kabla ya kurusha hubadilika. Kijana anayepaswa kuamua kwa kasi ya kupepesa macho analazimika kwanza kutafsiri kichwani alichoambiwa. Katikati ya hayo bega likaumia, akafanyiwa upasuaji, na majukwaani watu wakamzomea.

Rodgers naye alikaa misimu mitatu nyuma ya Brett Favre. Mwaka 2006 Packers walipata kocha mkuu mpya, na huyo hakuwa mwingine ila Mike McCarthy, yuleyule aliyetoka San Francisco. McCarthy alikuwa na desturi ya kuwaweka makwotabeki wake darasani na uwanjani kila majira ya kuchipua, kabla kikosi kizima hakijakusanyika. Hapo ndipo Rodgers alipofumuliwa na kufumwa upya. Alipotoka chuoni alikuwa akiushika mpira juu sana, karibu na sikio, kama alivyofunzwa California. Green Bay waliuteremsha hadi kifuani, ili mkono upate mzunguko wa kawaida na mpira utoke haraka. Jambo hilo ukilisoma ni dogo, lakini mwili uliozoea vingine kwa miaka haulipokei kwa wiki mbili. Linahitaji maelfu ya marudio, pasipo mlinzi wa kilo 130 anayekuja kumwangusha mtu. Muda huo Rodgers alikuwa nao. Hata alipoanza kucheza mwaka 2008, Packers walishinda mechi 6 na kupoteza 10, na hakuna aliyetaka kumbadilishia mwalimu.

Mtu mmoja, McCarthy, yumo katika visa vyote viwili. Kwa Smith alipita mwaka mmoja, kwa Rodgers alikaa zaidi ya kumi. Ndiyo maana siwezi kukubali kwamba tofauti yote ilikuwa ndani ya damu ya vijana wale.

Green Bay hawakuibuni njia hii. Mizizi yake iko kwa Bill Walsh, aliyekuwa msaidizi wa Paul Brown kule Cincinnati mwanzoni mwa miaka ya 1970. Kwotabeki aliyekuwa naye, Virgil Carter, hakuwa na mkono wa kurusha mbali. Walsh akamtungia mchezo wa pasi fupi zinazokwenda kwa mapigo: hatua tatu nyuma kwa njia fupi, tano kwa ya kati, saba kwa ndefu. Mguu wa mwisho ukitua, mpira unatoka, na kama mpokeaji wa kwanza amebanwa, miguu inageuka kidogo kumwelekea wa pili, kisha wa tatu. Katika mfumo huo miguu ndiyo saa ya kichwa. Alipopewa 49ers mwaka 1979, Walsh alimchukua Joe Montana wa Notre Dame katika raundi ya tatu, wa 82, mtu ambaye wengi waliona mkono wake hauna nguvu za kutosha. Alimweka kwanza nyuma ya Steve DeBerg, akamwingiza kidogo kidogo, kwa mipango aliyojua ataiweza. Januari 1982 walikuwa mabingwa.

Mike Holmgren, aliyewafundisha Montana na Steve Young chini ya Walsh, aliupeleka ujuzi huo Green Bay mwaka 1992. Miongoni mwa wasaidizi wake alikuwamo Andy Reid. Ukifuata uzi huo unafika Philadelphia, ambako mwaka 1999 Reid alimchagua Donovan McNabb akamkalisha nusu msimu nyuma ya Doug Pederson, halafu unafika Kansas City mwaka 2017. Mwaka huo Reid na wenzake walitoka nafasi ya 27 hadi ya 10 ili wampate Patrick Mahomes wa Texas Tech. Mahomes alitoka katika shule nyingine kabisa, ile ya Hal Mumme na Mike Leach, inayotawanya wapokeaji upana wa uwanja na kurusha karibu kila shambulizi. Mkono alikuwa nao wa ajabu, ila kusoma ulinzi wa NFL hakukuwa kazi aliyoizoea. Reid alimpa mechi moja tu, ya mwisho wa msimu. Mwaka uliofuata akarusha pasi 50 za tachidauni na kuwa mchezaji bora wa ligi.

Kwotabeki wa kwanza wa Kansas City mwaka ule wa kungoja alikuwa Alex Smith yuleyule. Alijua wazi kwamba kijana ameletwa achukue nafasi yake, na hata hivyo alimfungulia mlango: namna ya kuipanga wiki, namna ya kuangalia filamu za wapinzani. Mahomes mwenyewe amelisema hadharani mara nyingi. Sijui heshima kubwa kuliko hiyo katika mchezo huu, na naona uchungu kila ninapowasikia watu wakimtaja Smith kama kosa la mwaka 2005.

Upande wa pili iko mila ya kumtupa kijana majini. Houston Texans, timu mpya kabisa mwaka 2002, ilimchukua David Carr chaguo la kwanza ikampanga tangu siku ya kwanza nyuma ya ukuta dhaifu. Aliangushwa mara 76 msimu huo, rekodi ya ligi. Kwotabeki anayepigwa hivyo hujifunza kuwatazama wanaomjia badala ya kutazama uwanja, na tabia hiyo ikishaingia haitoki kirahisi.

Watetezi wa mila hii watanitajia Peyton Manning, na wana haki. Mwaka 1998 Indianapolis Colts walimwingiza moja kwa moja, pasi 28 zikanaswa, timu ikashinda mechi 3 tu. Mwaka uliofuata ilishinda 13. Lakini Manning alikuwa na Tom Moore, mratibu aliyemkuta alipofika na aliyedumu naye muda wote aliochezea Colts. Lugha ya mashambulizi ilikuwa moja, ikiongezwa mwaka hadi mwaka. Benchi kwa hiyo si dawa peke yake. Kijana anaweza kukaa benchi miaka miwili katika timu inayofukuza makocha na akatoka mtupu kama alivyoingia.

Pesa nazo zimeugeuza mjadala. Mwaka 2010 Sam Bradford, chaguo la kwanza, alipewa mkataba wa dola milioni 78 kabla hajarusha pasi. Mwaka 2011 ligi na wachezaji walikubaliana mishahara ya wapya ishushwe, na Cam Newton, wa kwanza mwaka huo, akalipwa kama milioni 22 kwa miaka minne. Tangu hapo kwotabeki mchanga amekuwa mali ya bei nafuu inayoisha muda wake. Timu inataka ashinde sasa, ili fedha iliyobaki iwanunue wengine. Makubaliano yaleyale yalipunguza mazoezi ya kugongana wakiwa na kinga kamili hadi 14 katika msimu. Nayaunga mkono kwa sababu ya afya za wachezaji, lakini kijana amebaki na siku chache za kufundishwa huku akitakiwa kuiva mapema.

Kanada walikuwa na jibu lao la kumlea kwotabeki, ingawa Marekani iliwapa wa kumlea kwa aibu yake. Warren Moon aliiongoza timu ya Chuo Kikuu cha Washington kushinda Rose Bowl ya Januari 1978, na bado hakuna timu ya NFL iliyomwita katika drafti. Enzi hizo kwotabeki mweusi aliambiwa ahamie nafasi nyingine, kana kwamba kufikiri uwanjani kulikuwa na rangi. Moon alikataa, akaenda Edmonton kwa kocha Hugh Campbell. Alianza kwa kugawana kazi na mkongwe Tom Wilkinson, na timu ikatwaa ubingwa miaka mitano mfululizo, 1978 hadi 1982. Aliporudi mwaka 1984 kuichezea Houston Oilers, kocha aliyempokea huko alikuwa Campbell yuleyule. Mwaka 2006 aliingizwa katika ukumbi wa magwiji, kwotabeki mweusi wa kwanza wa zama za kisasa kupewa heshima hiyo.

Soka la Ulaya linalijua tatizo la kijana kukosa nafasi ya kucheza kupitia golikipa, maana naye husimama mmoja. Emiliano Martínez alijiunga na Arsenal mwaka 2010 akiwa kijana, akakopeshwa Oxford, Sheffield Wednesday, Rotherham, Wolves, Getafe na Reading kabla ya kuhamia Aston Villa mwaka 2020. Mwaka 2022 akawa golikipa bora wa Kombe la Dunia. NFL iliwahi kuwa na mahali pa namna hiyo: Kurt Warner alicheza Amsterdam mwaka 1998 katika ligi yao ya Ulaya, na msimu wa 1999 akawa bingwa wa Super Bowl na mchezaji bora. Ligi ile ilifungwa mwaka 2007. Leo kuna UFL, inayochezwa majira ya kuchipua tangu 2024, wakati viwanja vya NFL viko kimya. Wamiliki wakae na chama cha wachezaji wakubaliane kwamba kwotabeki wa pili na wa tatu wakopeshwe huko msimu mmoja au miwili, na kila anayekwenda afuatane na kocha kutoka timu yake, mwenye kitabu kilekile cha mipango.